Mlima Kilimanjaro kutoka majaruba ya Mabogini: kwa nini unatoka mdogo pichani, na kwa nini theluji inaungua?

Mkazi wa Pasua

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninaishi Moshi mjini na ninajifunza kupiga picha za mandhari kwa kamera ya daraja la kuanzia, yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyouzwa pamoja nayo. Kwa mtu wa hapa, kusema mandhari ni kusema Mlima Kilimanjaro, na mahali ninapopapenda zaidi kuupiga ni kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, kusini ya mji, ambako maji yakijaa shambani na upepo ukitulia, Kibo kizima, yaani kilele kikuu cha mlima, huonekana ndani yake kimegeuka kichwa chini.

Nina matatizo mawili ambayo yamenishinda. La kwanza ni la mpangilio wa picha. Mlima ambao kwa macho unatawala upande wote wa kaskazini, ukiingia kwenye fremu unakuwa kilima kidogo chini ya anga pana lisilo na kitu. Nimejaribu kanuni ya theluthi jinsi inavyoelezwa kila mahali, yaani kuweka upeo wa macho kwenye theluthi ya chini au ya juu ya picha, lakini picha inabaki tupu. La pili ni la mwanga. Nikiiachia kamera iamue, ama mashamba yanatoka vizuri na theluji pamoja na anga vinaungua na kuwa weupe mtupu, ama theluji inaonekana na mashamba yanageuka meusi.

Kwa kawaida ninafika shambani saa moja asubuhi, na siku nyingine saa kumi na moja jioni. Ningeshukuru sana kuelezwa sababu, na si namba za kunakili tu, kwa kuwa namba nilizozikuta kwenye maelekezo mengi nimezitumia na hazikunisaidia.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu Mkazi wa Pasua, umeuliza vizuri, hasa uliposema unataka sababu. Nitaanza na ukubwa wa mlima, kwa sababu hilo ni suala la hesabu na likishaeleweka linaondoa nusu ya mahangaiko.

Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na uwanda unaosimama wewe uko chini ya mita 800. Tofauti ni zaidi ya mita 5,000, na inaonekana kubwa mno mpaka ukumbuke kwamba kutoka kwenye majaruba hadi kileleni ni karibu kilomita 40. Kitu chenye urefu wa kilomita tano kikitazamwa kutoka umbali wa kilomita 40 kinachukua nyuzi saba tu, au zaidi kidogo, juu ya upeo wa macho. Kamera yako, ikiwa ina kihisi mwanga cha ukubwa ulio wa kawaida kwenye kamera za daraja hilo, inaona nyuzi zipatazo 47 kutoka juu hadi chini ya fremu lenzi ikiwa kwenye milimita 18, na nyuzi 16 tu ikiwa kwenye milimita 55. Kwa hiyo kwenye 18 mlima unapata chini ya moja ya sita ya kimo cha picha, na kwenye 55 unapata karibu nusu. Jicho lako halina tatizo hilo kwa sababu akili inauchagua mlima na kulisahau anga lililobaki. Kamera haichagui, kila kilichomo ndani ya fremu inakihesabu sawa.

Naona chanzo cha kosa ni imani kwamba mandhari lazima yapigwe kwa lenzi pana. Lenzi pana inafaa pale ambapo kitu kikuu kiko karibu nawe, kama mwamba, mtumbwi au mti, na kilicho mbali ni nyongeza. Kwako wewe kitu kikuu kiko umbali wa kilomita 40. Anzia milimita 40 hadi 45, si 18. Sababu ya kutokwenda moja kwa moja hadi 55 ni taswira iliyo majini: ukitaka mlima na taswira yake vyote viwemo, unahitaji nyuzi saba juu na nyuzi saba chini ya mstari wa maji, jumla takriban 15, na kwenye 55 vitabanana mpaka kilele kikose hewa juu yake.

Sasa nije kwenye muda, na hapa ndipo ningependa kila anayepiga picha katika nchi zetu asome kwa makini. Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wanaoishi mbali sana na ikweta, na yanazungumzia saa ya dhahabu, yaani kipindi ambacho jua liko chini na mwanga wake ni wa manjano na laini. Katika mji kama London, jua huchomoza kwa mshazari, likipanda polepole huku likisogea pembeni. Mwezi Machi huchukua zaidi ya dakika 40 kufika nyuzi sita juu ya upeo, na mwezi Desemba karibu saa nzima. Moshi iko nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta. Jua hapa hupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa, kwa hiyo kipindi hicho hicho kwetu ni dakika 25 hadi 30, iwe Januari au Julai. Jua la Moshi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini, kutegemea mwezi. Ukifika saa moja, mwanga unaoutafuta ama uko ukingoni kuisha au umekwisha kabisa, na saa kumi na moja jioni bado haujaanza.

Kuna jambo jingine linalokupendelea wewe ambaye mlima wako ni mrefu kiasi hiki. Kilele, kwa kuwa kiko juu ya uwanda kwa kilomita tano, hulipata jua takriban dakika tisa au kumi kabla yako. Katika dakika hizo theluji inakuwa na rangi ya waridi na uwanda mzima uko kivulini. Hapo ndipo picha ilipo, na ukiwa bado unatafuta pa kusimama zitakupita. Nenda jioni ya kuamkia siku hiyo, chagua jaruba, simama, tazama kupitia kamera, ondoka ukiwa umeshajua ni wapi miguu ya stendi itakaa.

Mwisho, tazama majira. Kutoka kusini unauona uso wa kusini wa mlima. Mwezi Desemba na Januari jua huchomoza zaidi ya nyuzi 20 kusini ya mashariki, likauangaza uso huo kwa ubavu kutoka mkono wako wa kulia, na mabonde na barafu vikatokeza kwa vivuli vyake. Mwezi Juni na Julai jua huchomoza upande wa kaskazini ya mashariki, na uso wa kusini unabaki kivulini wakati anga nyuma yake limeshawaka. Ukipiga wakati huo, hata kamera ya gharama kubwa itakupa mlima wa kijivu mbele ya anga jeupe. Isitoshe, miezi hiyo ya baridi mawingu hukaa sana upande wa Moshi. Januari na Februari, kabla ya masika, ndio msimu wako.

Mzee wa Studio

Mwanangu, mwenzangu amemaliza habari ya mahali na muda, nami nina la kusema kuhusu kuungua kwa picha, kwa kuwa nimefanya kazi hii tangu enzi za filamu na kuvuka nayo hadi dijitali.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kwamba kinatazama theluji. Kimetengenezwa kikichukulia kuwa jumla ya kilichomo mbele yake ina ung'avu wa wastani, kijivu cha katikati, na kinarekebisha mambo mpaka kila kitu kifikie hapo. Ukikielekeza mahali ambapo robo tatu ya fremu ni shamba lenye giza, kitaongeza mwanga ili shamba lifikie kijivu, na theluji iliyo ndogo pale juu itapoteza kila alama. Ukiinua kamera anga likajaa, kitafanya kinyume chake. Hapo hakuna ubovu wa kamera. Ni mashine inayofuata kanuni yake kwa uaminifu, na wewe ndiye unayepaswa kuiambia ni kitu gani kisichoruhusiwa kupotea.

Katika filamu ya negativu tulifundishwa kupima vivuli kwanza, kwa kuwa negativu ilivumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Mmarekani Ansel Adams na mwenzake Fred Archer walipounda mfumo wao wa kanda za mwanga, kati ya mwaka 1939 na 1940, msingi wake ulikuwa huo: upigaji uamuliwe na vivuli, usafishaji wa filamu uamuliwe na sehemu zenye mwanga. Kamera ya dijitali imeupindua mpangilio huo. Kivuli kilichopigwa kwa mwanga mdogo bado kina habari ndani yake na kinaweza kuinuliwa baadaye kwenye programu ya kuhariri, kwa gharama ya chengachenga kidogo, yaani vidoa vidogo vinavyotapakaa pichani. Theluji iliyoungua haina habari yoyote iliyobaki. Namba zake zote zimefika mwisho na hakuna programu itakayorudisha kisichorekodiwa. Kwa hiyo kwa kazi yako, pima theluji na uyaache mashamba yawe na giza ndani ya kamera.

Fanya hivi. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, kwenye 100, chagua hali ya kipaumbele cha tundu la lenzi na uweke f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linapungua). Usiende f/22 kwa kudhani utapata ukali zaidi, kwa sababu tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima hulegea. Washa onyo la sehemu zilizoungua, lile linalofanya weupe uliopotea umemete kwenye kioo. Piga fremu moja ya majaribio. Theluji ikimemeta, punguza kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu), piga tena, endelea kupunguza mpaka mmemeto uondoke kwenye theluji. Ukibaki kwenye ukingo wa wingu moja lililo karibu na jua, uache. Kisha tazama histogramu, ile grafu inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga, usitazame picha. Alfajiri macho yako yamezoea giza, na picha yoyote kwenye kioo itaonekana ina mwanga wa kutosha hata kama ni nyeusi, ilhali histogramu haidanganyiki na giza la nje.

Yote haya hayatakufaa ukihifadhi JPEG peke yake. Faili la JPEG lina ngazi 256 tu za ung'avu kwa kila rangi, na kamera imeshaamua kivuli kiwe cheusi kiasi gani kabla hujaiona picha. Faili ghafi, RAW, lina ngazi 4,096 likiwa la biti 12, au 16,384 likiwa la biti 14. Ukiinua mashamba yenye giza kutoka kwenye RAW utayapata majani na kingo za majaruba. Ukiyainua kutoka kwenye JPEG utapata mabaka. Na mizani ya rangi iweke kwenye jua la mchana badala ya otomatiki, kwa sababu otomatiki ikikutana na theluji ya waridi inaweza kuihesabu kuwa hitilafu na kuisafisha.

Mkazi wa Pasua

Shikamoo mzee, nawe mwalimu nakushukuru sana. Hesabu ya nyuzi imenifumbua macho, kwa kuwa nilikuwa nikilaumu lenzi pasipo sababu.

Naomba kuongeza maswali. Mmezungumzia Kibo peke yake, lakini kutoka huku Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, nayo inaonekana upande wa kulia, na sijui kama niiweke ndani ya picha au niiache nje. Pili, nimesikia kuhusu kupiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti na kuziunganisha, na pia kuhusu filta iliyo nyeusi nusu ya juu tu. Je, kipi kinafaa hapa?

Msomaji wa Loitokitok

Hamjambo nyote. Mimi niko upande wa Kenya, chini ya mlima huo huo kwa kaskazini, nami huupiga zaidi kutoka Amboseli. Kwetu mambo yamegeuka: Mawenzi iko kushoto, na miezi ya Juni na Julai ambayo kwenu uso wa mlima uko kivulini, kwetu jua la asubuhi linaupiga uso wa kaskazini moja kwa moja. Nasema haya ili wanaosoma kutoka pande zote wasichukue miezi ya Moshi wakaja nayo huku.

Kuhusu Mawenzi nina maoni thabiti. Kati ya vilele hivyo viwili kuna kilomita 11 hivi, na ukiwa kilomita 40 kutoka mlimani vinatengana kwa nyuzi 16 kwa upana. Lenzi yako kwenye milimita 45 inaona karibu nyuzi 29 kwa upana, kwa hiyo nafasi ipo, na ningekushauri uiweke. Kibo ni pana, tambarare kwa juu na yenye theluji. Mawenzi, yenye mita 5,149, ni miamba iliyochongoka na isiyo na weupe mwingi. Vikiwa pamoja na tandiko lililoinama katikati, jicho lina pa kwenda: linaanza kwenye weupe wa Kibo, linashuka, linapanda tena. Kibo pekee katikati ya fremu hulifanya jicho lifike na kukaa pale pale. Kisichofaa kabisa ni kuikata Mawenzi nusu kwenye ukingo wa picha. Ama iwe nzima, na hewa kidogo kulia kwake, ama uvute lenzi mpaka itoke yote.

Kanuni ya theluthi ni msaada kwa anayeanza, lakini kwenye maji yaliyotulia ninaiweka kando bila wasiwasi. Unapokuwa na mlima juu na mlima majini, na vyote vina uzito sawa, mstari wa katikati ndio mahali pa haki pa kuugawa. Ukiusukuma upeo hadi theluthi ya chini unaikata taswira. Ukiusukuma hadi theluthi ya juu unaubana mlima wenyewe. Tumia theluthi kwa vilele kwa upana, Kibo upande wa kushoto na Mawenzi kulia, na upeo uuache katikati.

Kisha fikiria sehemu ya mbele, kwa kuwa nadhani ndiko utupu unaouhisi unakotoka. Majaruba yana kingo za udongo zilizonyooka, na kingo hizo ni mistari. Ukisimama ili ukingo mmoja uanzie pembe ya chini ya fremu na kuelekea chini ya Kibo, umempa mtazamaji njia ya kuingilia. Ukisimama ili ukingo ukate picha kutoka kushoto hadi kulia, umemwekea ukuta. Tofauti kati ya picha hizo mbili ni kusogea hatua chache, na haihitaji kununua chochote. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na migunga, na tahadhari yake ni moja: tawi lisiguse mstari wa kilele, kwa sababu vitu viwili vinavyogusana pichani hushikamana na umbali wote kati yake hutoweka. Kwenu chungeni minazi, nguzo za umeme na mtu aliyeinama akipanda, ambaye kichwa chake kikibaki ndani ya maji meupe ataonekana vizuri na kikiingia kwenye ukingo mweusi atapotea. Na mtu huyo aombwe ruhusa, kwa kuwa uko shambani kwake.

Kuhusu filta nusu nyeusi, nasema hapana kwa mlima. Filta hiyo ilibuniwa kwa ajili ya upeo ulionyooka, na baharini inafaa sana, Lamu au Bagamoyo. Mlima unapanda ndani ya sehemu nyeusi, na kilele unachotaka king'ae kinatiwa giza pamoja na anga. Kuunganisha fremu kunafaa, na hapa natofautiana kidogo na mzee kwa heshima zote. Fremu moja ya RAW iliyopimwa kwa theluji inatosha siku nyingi, lakini dakika zile za kwanza ambapo kilele kimewaka na uwanda uko kivulini, tofauti inaweza kuwa kubwa kiasi kwamba mashamba yakiinuliwa yanatoka na chengachenga zinazoonekana hata kwenye picha ndogo. Piga tatu, moja kwa theluji, ya pili stopu mbili juu yake, ya tatu stopu mbili zaidi, bila kugusa stendi, kisha uamue nyumbani kama unazihitaji. Kumbukumbu ya kadi ni rahisi kuliko kurudi alfajiri nyingine.

Mzee wa Studio

Marahaba mwanangu, na wewe wa Loitokitok karibu sana.

Sikatai fremu tatu. Ninachokataa ni matokeo ninayoyaona watu wakiyapenda, mashamba yaking'aa sawa na theluji na kivuli hakuna mahali popote. Alfajiri uwanda una giza. Hiyo ndiyo habari ya saa ile. Unganisha fremu ili majani yaonekane, lakini yaache yabaki chini ya theluji kwa ung'avu, na taswira iliyo majini pia iwe na giza kuliko mlima wenyewe, kwa kuwa maji hayarudishi mwanga wote yanaoupokea. Kwa pembe hiyo ndogo ya nyuzi saba maji hurudisha karibu nusu, ambayo ni stopu moja. Picha ambayo taswira inang'aa kuliko mlima huonekana ina kasoro hata kwa mtu asiyejua kasoro ni ipi. Kabla ya jua kuchomoza kasi ya shata itakuwa ndogo, yaani mwanga utaingia kwa muda mrefu, pengine robo sekunde, kwa hiyo tumia kipima muda cha sekunde mbili badala ya kubonyeza kwa kidole, na uzime kitulizi cha lenzi, kile cha kuzuia mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa juu ya stendi. Majani ya mpunga yakitikisika, panda hadi ISO 400. Chengachenga kidogo ni nafuu kuliko majani yaliyofutika.

Msomaji wa Simu

Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia simu, sina kamera. Je, katika haya kuna linalonihusu?

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu, karibu, mengi yanakuhusu: muda, majira, kingo za majaruba na Mawenzi havibadiliki kwa sababu ya kifaa. Simu nyingi za sasa huunganisha fremu kadhaa zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo sehemu hiyo umeshafanyiwa. Gusa theluji kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge hapo, kisha teremsha alama ya jua mpaka theluji ipate mistari. Kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta karibu, itumie, na kama haina, usivute kwa vidole. Piga kawaida na ukate baadaye.

Namalizia kwa ndugu wa Pasua mambo mawili ambayo hayajaguswa. La kwanza ni filta ya polaraiza, ambayo huenda ukashauriwa kuinunua kwa ajili ya ukungu. Nguvu yake ni kubwa zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo pembe mraba na jua, na jua likiwa mashariki asubuhi, kaskazini unakotazama ndiko hasa. Itakata utando wa mbali na kukoleza bluu, lakini itakugharimu stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga, na ukiizungusha vibaya inaweza kudhoofisha taswira iliyo majini ambayo ndiyo uliyoifuata. Izungushe ukiwa unatazama maji, si anga. Na asubuhi inayofuata mvua ya usiku, vumbi likiwa limeoshwa, huenda usiihitaji kabisa.

La pili ni kimo cha kamera na fokasi, na yanakwenda pamoja. Kilele kikiwa nyuzi saba juu ya upeo, taswira yake utaiona kwenye maji yaliyo umbali unaotegemea kimo cha lenzi yako. Lenzi ikiwa mita 1.6 kutoka usawa wa maji, kilele kitaonekana kwenye maji yaliyo mita 13 mbele yako. Ukiishusha hadi sentimita 40, kitaonekana mita tatu tu mbele yako. Kwa hiyo jaruba likiwa dogo au mpunga umeshaota kwa mbali, piga magoti na kilele kitaingia kwenye kipande cha maji kilicho karibu.

Mkazi wa Pasua

Mwalimu, hapo ndipo ninapokwama. Nikipiga magoti, fokasi niiweke kwenye maji yaliyo mita tatu au kwenye mlima?

Mwalimu wa Fizikia

Kwenye mlima, kwa sababu taswira haiko juu ya uso wa maji. Mwanga wake umesafiri kilomita 40 zile zile pamoja na mita tatu, na lenzi inauona ukiwa mbali sawa na mlima wenyewe. Ukifokasi usoni mwa maji utapata vipande vya majani vilivyo dhahiri na milima miwili iliyofifia.

Utata unakuja pale unapotaka majani nayo yaonekane. Kwenye milimita 45 na f/11, ukifokasi kitu kilicho mita tisa au kumi kutoka kwako, kila kitu kuanzia mita tano hivi hadi kileleni kitakuwa sawa. Ukiwa umesimama, ambapo kilele kinaonekana kwenye maji ya mita 13, hilo linatosha kabisa, na fremu moja inakidhi haja. Ukiwa umepiga magoti, majani ya mita mbili au tatu yatalegea, na hapo chagua: ama utafute sehemu ya jaruba isiyo na mpunga karibu nawe, ama upige fremu mbili kwenye stendi ile ile, moja fokasi ikiwa kwenye majani na nyingine mlimani, uziunganishe nyumbani. Upepo ukianza kuvuma, ambao kwa kawaida hufuata jua likishapanda, acha fremu mbili, simama wima na upige moja.